Tovuti iko hewani, salio halijalipwa: mkataba wa maandishi unamlinda vipi mtengenezaji?

*"Natengeneza tovuti kwa kujitegemea, niko Mombasa. Mjomba wangu alinikutanisha na mzee mmoja mwenye biashara ya kuwapeleka watalii Tsavo na Wasini. Tulielewana kwa mdomo na kwa jumbe za sauti za WhatsApp: tovuti ya kurasa kumi, pamoja na sehemu ya kuweka nafasi na kulipa kwa M-Pesa, kwa shilingi 180,000. Alinitumia 40,000 za kuanzia. Domeni (jina la tovuti mtandaoni) na hostingi (nafasi inapohifadhiwa) nililipia mimi, zimesajiliwa kwa jina langu. Tovuti iko hewani mwezi wa nne sasa, wageni wanalipa, lakini kila nikiulizia salio naambiwa 'bado kuna marekebisho'. Ameongeza ukurasa wa Kifaransa, ukurasa wa kukodisha magari, mara picha zibadilishwe. Rafiki zangu wananiambia niizime tovuti mpaka alipe. Wengine wanasema sina mkataba, kwa hivyo sina kesi. Mwanzoni nilitaka tuandikiane, mjomba akasema nitamvunjia mzee heshima. Je, nina haki yoyote? Na kazi zijazo niandike nini, maana siwezi kuajiri wakili kwa kila kazi ndogo?"*

Ndugu yangu, pole kwa mambo. Nikiyapanga uliyoyaeleza, naona unabeba hofu mbili kwa pamoja: kwamba jasho lako limekwenda bure kwa kuwa hamkuandikiana, na kwamba ukidai kwa nguvu utamtia mjomba aibuni. Ya kwanza nitakuondolea sasa hivi. Ya pili inataka maelezo, na nitaifikia.

Mkataba unao. Wanaokwambia huna kesi wanachanganya mkataba na karatasi. Kwa sheria ya Kenya, makubaliano ya mdomo yanafunga sawa na ya maandishi, ilimradi mmoja alitoa pendekezo, mwenzake akalikubali, kuna thamani inayotolewa kila upande, na wote walikusudia kufungwa na maneno yao. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inadai maandishi kwa mambo machache, kama kuuziana ardhi au kumdhamini mtu katika deni lake. Kutengeneza tovuti hakumo. Kwa msomaji aliyeko Tanzania hali haina tofauti kubwa: kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba ya huko, Sura ya 345, kinatazama ridhaa ya hiari, uwezo wa wahusika, malipo halali na lengo halali, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua mkataba uliofungwa kwa njia ya mtandao. Zile 40,000 alizokutumia mzee ni ushahidi kwamba alikubali. Mtu hatumi pesa za kuanzia kazi ambayo hajaiagiza.

Tatizo lako liko kwingine. Mkataba ulio nao umenyamaza pale pale ugomvi ulipozuka. Bei mnaikumbuka wote wawili, kwa sababu bei ndiyo mliyoizungumza kwa makini. Lakini kazi inaisha lini? Nani anasema imeisha? "Marekebisho" ni yapi, na kazi mpya ni ipi? Kurasa kumi zikitafsiriwa kwa Kifaransa, ni kurasa kumi zile zile au zimekuwa ishirini? Soma tena ulichoniandikia utaona kwamba mzee hajasema hatalipa. Anasema kazi haijakamilika. Na hakuna sentensi hata moja kati yenu, ya sauti wala ya maandishi, inayosema kazi inakamilika vipi. Maadamu pengo hilo lipo, anaweza kukwambia "bado" hadi mwaka ujao na asiwe amesema uongo.

Nimesisitiza hili kwa sababu watengenezaji wengi wa tovuti wanaamini kinga iko kwenye sahihi na muhuri. Wanapakua mkataba wa Kiingereza wa kurasa kumi na mbili kutoka mtandaoni, uliotungwa kwa sheria ya nchi nyingine, wanautia sahihi, kisha wanagombana na mteja vile vile, kwa sababu kurasa zote hizo hazikutaja kazi yenyewe ni nini. Nusu ukurasa wa Kiswahili cha kawaida unaoeleza kazi, mwisho wake na malipo yake unakulinda zaidi. Na ndiyo, Kiswahili kinatosha. Mahakama za chini za Kenya zinaendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na hakuna sheria inayolazimisha mkataba wako uwe kwa lugha ya kigeni.

Sasa hili la kuizima tovuti. Nakuomba usifanye, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu wanaokushauri hivyo wanakutakia mema lakini wanakusukuma shimoni.

Kwanza, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 inafanya kuwa kosa la jinai kuingia au kuvuruga mfumo bila idhini. Utasema hostingi ni yako, nenosiri ni lako. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini hutaki kuitolea kituo cha polisi. Leo wewe ndiye unayedai. Tovuti ikizimika siku ambayo wageni wameshalipia safari, kesho mzee ndiye atakayekuwa mlalamikaji, na hasara ya wageni wake ataiweka juu yako. Pili, ndani ya tovuti ile mna majina na nambari za simu za watu, pengine na za pasipoti. Hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kuzifuta au kuzishikilia kwa sababu ya deni la mtu mwingine ni kujitafutia kosa la pili.

Tatu ni jambo ambalo wengi hawalijui. Husikika mtengenezaji akisema, "Msimbo (maagizo ya kompyuta yanayoiendesha tovuti) niliandika mimi, hadi nilipwe ni wangu." Katika nchi nyingi angekuwa na hoja nzuri. Kenya ni tofauti. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi inapoagizwa na mtu, hata kama si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mkiwa mmekubaliana vinginevyo. Kifungu hicho hakisemi kwamba haki inasubiri malipo yakamilike. Maana yake, ukikaa kimya sheria inampa mteja, na ukitaka haki ibaki kwako hadi shilingi ya mwisho ni lazima uliseme. Kama ningeruhusiwa kukupa sababu moja tu ya kuandika mkataba katika kazi yako, ningekupa hii.

Hiyo haina maana kwamba huna la kufanya. Hakuna anayeweza kukulazimisha uendelee kuongeza kurasa bila malipo. Kazi ya nyongeza unaweza kuisimamisha leo, kwa kumwarifu kwa adabu. Huna wajibu pia wa kuendelea kulipia domeni na hostingi kutoka mfukoni mwako kila mwaka. Mwandikie mapema tarehe zinapokwisha muda, mwambie uko tayari kuzihamishia kwa jina lake, na mdai ulicholipa. Huko ni kumpa taarifa, na hakuna atakayekuita mkorofi kwa hilo.

Nikiwa mahali pako ningeanza na ujumbe kama huu, kwa maandishi, usiwe wa sauti:

*"Assalaam alaykum Mzee. Natumai u mzima pamoja na jamaa. Tovuti imeanza kutumika na wageni tangu mwezi wa tatu. Tulielewana 180,000, nikapokea 40,000, salio ni 140,000. Naomba uniandikie hapa kasoro zote zilizobaki katika kazi tuliyoelewana mwanzo, kufikia Ijumaa ya wiki ijayo. Nitazirekebisha ndani ya siku saba, kisha tupange salio. Ukurasa wa Kifaransa na wa magari uliongezeka baadaye. Hiyo tutaizungumza kando. Ahsante, mwanao."*

Badilisha mwezi na tarehe ziwe za kweli. Tazama ujumbe huu unavyofanya kazi. Umetaja bei, kilichopokelewa na kilichobaki, na asipopinga, kunyamaza kwake kunakuwa sehemu ya kumbukumbu. Umemwomba kasoro zote kwa pamoja, kwa hivyo akizitaja, orodha hiyo ndiyo itakayokuwa mwisho wa kazi ambao hamkuwahi kuwa nao. Asipojibu, utaweza kuonyesha kwamba ulimpa nafasi. Akikana bei, utajua mapema kwamba unashughulika na ugomvi wa aina nyingine. Na kazi ya nyongeza umeitenga, isije ikatumika kulishikilia deni la msingi.

Nitakwambia ukweli kuhusu hiyo nyongeza. Mtu akikuomba kazi, ukaifanya, naye akaitumia, sheria inakupa njia ya kudai thamani yake ya haki hata kama bei haikutajwa. Lakini kuithibitisha thamani hiyo ni kazi, hasa pale jumbe zinaposema "ongeza kidogo hapa" nawe ukajibu "sawa Mzee". Ushauri wangu ni kwamba ukurasa wa Kifaransa na wa magari uwe ndio unaokuwa tayari kuupunguzia bei, au hata kuusamehe, ili upate 140,000 zako bila kesi.

Mzee akikubali kuketi, usitoke pale na ahadi ya mdomo nyingine. Andikeni karatasi moja: "Mimi fulani nakiri nadaiwa na fulani shilingi 140,000 kwa kazi ya tovuti niliyoipokea, nitalipa 35,000 kila tarehe 5 kwa miezi minne." Sahihi yake, yako, na mjomba awe shahidi. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana. Kabla ya kuitia sahihi, mnabishana juu ya picha na kasi ya kurasa, mambo ambayo hakimu hawezi kuyapima kwa macho. Baada ya sahihi limebaki deni tupu. Vilevile kukiri deni kwa maandishi kunaanzisha upya hesabu ya muda wa kushtaki, ambao kwa mikataba nchini Kenya ni miaka 6.

Akikataa kabisa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kusikiliza kesi 2021. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mikataba ya huduma. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, haibanwi na kanuni ngumu za ushahidi, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Kabla ya kwenda, peleka barua ya madai yenye muda maalumu wa kujibu. Lakini usisahau kwamba hukumu na pesa ni vitu viwili. Ukishinda na mzee asilipe, bado utahitaji kutekeleza hukumu, na hilo lina gharama na subira yake. Kwa salio kama lako, na kwa uhusiano ulio kati yenu, mahakama iwe mlango wa mwisho, ingawa ni vizuri mzee ajue kwamba mlango huo upo.

Kitu kimoja cha kuangalia kabla ya yote hayo: unamdai nani? Mzee kama mtu, au kampuni yake? Kama biashara ni kampuni yenye dhima ya kikomo, deni linaweza kuwa la kampuni, hata kama 40,000 zilitoka kwenye simu yake. Taarifa ya CR12 kutoka idara ya usajili wa biashara itakuonyesha kampuni ipo na wakurugenzi wake ni nani. Kudai jina lisilo sahihi kumewapotezea watu kesi nzuri.

Tuje kwenye kazi zijazo, na hapa nitakaa zaidi, maana ndipo ulipo na uwezo wa kubadilisha mambo.

Eleza kazi kwa majina. Usiandike "kurasa kumi". Ziorodheshe: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Safari za Tsavo, Safari za Wasini, na kuendelea hadi ya kumi, kwa lugha moja. Andika na yasiyokuwemo: kutafsiri, kupiga picha, kuandika maelezo ya safari, kusimamia kurasa za mitandao ya kijamii. Mstari wa "yasiyokuwemo" unaonekana mdogo, lakini ndio utakaousoma kwa sauti siku mteja atakaposema "nilidhani".

Kisha mwisho wa kazi. Hiki ndicho kipengele ninachowataka wote wawe nacho, na unaweza kukinakili kilivyo:

*"Kazi itahesabiwa imekubaliwa Mteja anapoandika kwamba ameikubali, au siku saba zikipita tangu apelekewe kiungo cha majaribio bila yeye kuandika kasoro, au anapoanza kuitumia tovuti katika biashara, lolote litakalotangulia. Kasoro ni kitu kisichofanya kazi kama ilivyoelezwa katika mkataba huu. Jambo jipya ni kazi mpya, na litaanza baada ya bei yake kuandikwa na kukubaliwa."*

Kama kipengele hiki kingekuwepo, ugomvi wako ungekwisha siku mgeni wa kwanza alipolipia safari.

Malipo yafuate hatua, na hatua ya mwisho ilipwe kabla tovuti haijahama kutoka kwenye seva ya majaribio kwenda hewani. Mzee kama huyo akijenga nyumba humlipa fundi kwa msingi, kwa kuta, kwa paa, hataona ajabu. Kwa bei ya 180,000, ningesema 72,000 siku ya kutia sahihi, 54,000 kurasa zikiwa tayari kwenye majaribio, na 54,000 kabla ya kwenda hewani. Mpangilio huu unakulinda kuliko kipengele chochote cha kisheria, kwa sababu siku mteja anapopata anachokitaka huna tena unachomdai. Ile 40,000 uliyoanza nayo ilikuwa kidogo mno kwa kazi nzima. Kama mteja hawezi kutoa thuluthi ya bei mwanzoni, ni vizuri ulijue hilo kabla hujaandika mstari wa kwanza wa msimbo.

Weka na muda, lakini wa pande zote mbili. Kazi nyingi hukwama kwa mteja: hajaleta picha, hajakamilisha taratibu za Paybill yake, hajatuma maelezo ya safari. Kuunganisha M-Pesa na tovuti kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kazi hiyo, kunahitaji nambari ya biashara na idhini ambazo ni zake, wewe huwezi kumwombea. Basi andika kwamba siku za kusubiri vitu vyake hazihesabiwi katika muda wako, na kwamba akichelewa zaidi ya siku 14, hatua iliyokamilika italipwa.

Kuhusu umiliki, baada ya niliyokueleza juu ya kifungu cha 31, andika: *"Haki zote katika msimbo na michoro zinabaki kwa Mtengenezaji hadi malipo yote yakamilike, siku hiyo zinahamia kwa Mteja, isipokuwa programu huria na zana ambazo Mtengenezaji alikuwa nazo kabla ya kazi hii."* Hiyo isipokuwa ni ya lazima. Kama unajenga juu ya WordPress, programu huria ya kutengenezea tovuti iliyo chini ya leseni ya GPL, huwezi kumuuzia mtu umiliki wa kitu kisicho chako. Na zile sehemu za msimbo unazozitumia katika kila kazi, ukizihamisha zote kwa mteja mmoja, umejifungia kazi zako nyingine.

Domeni na hostingi zisajiliwe kwa jina la mteja, kwa pesa yake, tangu siku ya kwanza. Wengi hunipinga hapa. Wanaona kuzishika ndiyo kinga yao. Umeshaona mwenyewe kwamba kinga hiyo huwezi kuitumia bila kujiumiza.

Mengine yanatosha mstari mmoja mmoja. Raundi mbili za marekebisho ya sura. Siku 30 za kurekebisha hitilafu bure baada ya kwenda hewani, ila zile zilizosababishwa na mtu mwingine aliyegusa tovuti. Yeyote anaweza kusitisha kwa taarifa ya maandishi, na kazi iliyofanyika ilipwe. Kiwango cha juu unachoweza kudaiwa kwa hasara kisizidi ulicholipwa. Ukitaka faini ya kuchelewesha malipo, iwe ya wastani. Ukiandika asilimia 10 kwa siku, mahakama itaiona ni adhabu na pengine usipate chochote. Na kama mteja ni kampuni, semeni bei ni kabla ya kodi ya zuio au baada. Malipo ya kitaalamu yanayofika shilingi 24,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 5 na kupelekwa KRA, mamlaka ya kodi. Katika 180,000 hiyo ni 9,000. Hujaibiwa ikikatwa, mradi upate cheti chake cha kuidai kwenye hesabu zako za kodi. Tangu Januari 2024 kampuni zinahitaji pia ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, ili gharama zao zitambuliwe, kwa hivyo usiiache ankara ikawa kisingizio cha kucheleweshwa.

Sahihi isikusumbue. Huhitaji muhuri wala wakili. Mkataba uliotumwa kwa barua pepe au WhatsApp, mteja akajibu "Nimeusoma, nimekubali, tuendelee", unakufaa vya kutosha kwa kazi ya aina hii.

Nirudi kwa mjomba, kwa sababu nadhani hapo ndipo moyo wako ulipo. Heshima aliyoitaja ni ya kweli na sitaki uione kama ushamba. Lakini kuandikiana hakuondoi heshima. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, na mashahidi wawepo. Nayo iliteremshiwa waumini wanaoaminiana. Wahenga nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwingineko wamefika mbali zaidi: katika jiji la New York, tangu 2017, anayemwajiri mfanyakazi huru kwa kazi inayofika dola 800 analazimika kisheria kumpa mkataba wa maandishi. Kule hakuna anayeona ametukanwa.

Namna ya kulileta kwa mtu mzima ndiyo muhimu. Usimwambie "naomba tuwekeane mkataba" kama unayemshuku. Sema: "Mzee, nitakuandikia tulivyoelewana nikuletee uhakikishe, nisije nikasahau kitu chako." Na mkataba huo unamlinda yeye kwelikweli. Hivi sasa jina la biashara yake mtandaoni limesajiliwa kwako. Likikufika la kukufika kesho, warithi wako hawana karatasi yoyote inayosema domeni ile ni ya mzee. Mweleze hilo, naye atataka kuandikiana kuliko wewe.

Wakili wa ana kwa ana utamhitaji mzee akikana makubaliano yote, akikushtaki au kukuripoti polisi, ikiwa anayedaiwa ni kampuni inayofungwa, au deni likizidi milioni 1. Kwa kazi zijazo, mtafute pia mteja anapokuwa nje ya nchi na kiasi ni kikubwa, maana kushinda kesi Mombasa dhidi ya mtu wa Dubai ni mwanzo tu wa safari, au kampuni kubwa ikikuletea mkataba wake unaokutaka ubebe hasara zake zote. Kwa kazi ndogo, mlipe wakili mara moja akukagulie kielelezo chako, kisha ukitumie mwenyewe kwa kubadilisha majina na orodha ya kazi. Hakikisha yumo kwenye orodha ya Law Society of Kenya akiwa na leseni ya mwaka huu.

Kabla ya kwenda kwake, na hata kabla ya kumtumia mzee ule ujumbe, angalia kama WhatsApp yenu haijawekwa jumbe za kujifuta. Hamisha mazungumzo yote pamoja na sauti kwenye kompyuta, usitegemee picha za skrini pekee, na simu yenyewe usiiuze wala kuifuta, kwa sababu Sheria ya Ushahidi inaweza kukutaka utoe cheti kinachoeleza rekodi hiyo ilitoka kwenye kifaa gani na kwa njia gani. Pata taarifa ya M-Pesa ya siku ile ya 40,000. Hifadhi historia ya msimbo inayoonyesha tarehe za kila hatua, na risiti za domeni na hostingi. Jumbe za sauti ambazo mzee anataja bei, ziandike neno kwa neno na tarehe zake. Wakili akiyakuta yamepangwa hivyo, ataweza kukwambia katika kikao cha kwanza kama jambo lako ni la mahakamani au bado linaweza kumalizwa barazani kwa mjomba.